Wifi ya wageni ikae barazani, hela zikae ndani

Ndugu zetu mlioko London, wa saiti, wa majumba ya watu, wa kusafisha maofisi usiku: hapa tumezoea kuongelea bei ya pauni, makato ya kutuma nyumbani na namna ya kuweka akiba. Leo tunaongelea kiboksi. Kile chenye taa zinazomemeteka pale ukutani, ambacho kampuni ya intaneti ilikutumia kwa posta ukakichomeka, ukasoma paswedi iliyobandikwa mgongoni, ukakisahau. Hicho kiboksi, yaani ruta, kinahusika na hela zako kuliko unavyodhani.

Msimamo wetu ni huu. Mtu yeyote anayeshika hela au karatasi za wenzake, awe mweka hazina wa upatu, awe mwenye kampuni ndogo ya usafi, awe fundi mkuu anayelipa vijana wanne kila Ijumaa, asiweke mambo hayo kwenye mtandao mmoja na kila anayepita nyumbani kwake. Azitenge. Wala hahitaji mitambo ya benki. Ruta ya kawaida ya nyumbani inaweza kuigawa ofisi ndogo sehemu mbili, sharti ipangwe upande ulio sahihi. Tunasisitiza upande kwa sababu wengi wakijaribu huipanga kinyume, halafu wanalala usingizi wakidhani wamefunga mlango.

Ofisi ya chumbani

Sisi ni wahasibu, na tunazijua ofisi za watu wetu hapa mjini. Mara nyingi ni sebule ya Barking au kachumba ka juu Tottenham. Watu wawili watatu waliokuwa wanapaka rangi kwa kampuni za wengine wanaamua kusajili ya kwao. Dada aliyesafisha ofisi za watu miaka sita anapata mkataba wake mwenyewe, anaajiri wenzake watano. Meza moja, laptopu moja, printa moja yenye skana, na intaneti ya nyumbani. Biashara imeanza. Hatuoni aibu yoyote hapo, kampuni nyingi kubwa zilianza hivyohivyo.

Sasa tazama kilichomo kwenye hiyo laptopu. Majina kamili ya wafanyakazi, namba zao za bima ya taifa, akaunti zao za benki, anwani zao, picha za pasipoti na uthibitisho wa viza zao. Ankara za wateja. Barua pepe za HMRC. Na hata ukitaka kuvifuta, sheria haikuruhusu kuvifuta mapema. Nakala za kuthibitisha kwamba mtu anaruhusiwa kufanya kazi hutakiwa kutunzwa muda wote wa ajira yake na miaka 2 baada ya kuondoka. Mkandarasi aliye kwenye utaratibu wa CIS hutakiwa kutunza kumbukumbu za malipo na makato ya mafundi wake kwa angalau miaka 3 baada ya mwaka wa kodi kwisha. Kwa hiyo, utake usitake, wewe ni mtunza siri za watu.

Halafu tazama nani mwingine yuko kwenye wifi hiyohiyo. Wapangaji wawili. Watoto na michezo yao. Televisheni. Kamera ya mlangoni iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa. Shemeji aliyekuja wiki moja akakaa miezi mitatu. Vijana wa saiti wanaokuja Ijumaa kuleta masaa yao. Mgeni hata chai hajainywa, ameshauliza, "Paswedi ya hapa nini?" Na sisi, kwa malezi yetu, tunampa. Kumnyima mgeni wifi siku hizi ni kama kumnyima maji.

Tatizo ni lipi hasa

Tusitishane. Mgeni aliyekaa kwenye kochi lako hasomi salio lako kupitia wifi. Aplikesheni za benki na za kutuma hela, pamoja na tovuti zenye alama ya kufuli, hufunga mazungumzo yake kwa fumbo tangu kwenye simu yako hadi kule zinakoenda. Anayekuambia kila anayetumia wifi yako anaona namba yako ya siri anakuuzia kitu.

Tatizo liko kwingine. Vifaa vilivyo kwenye mtandao mmoja, kwa kawaida, vinaonana na vinaweza kugongeana milango. Simu ya shemeji ikiwa imeingiwa na programu chafu, shemeji mwenyewe hajui lolote, lakini ile programu inaanza kuzunguka: inajaribu printa yako, inajaribu folda uliyoacha wazi ili mwenzako naye aifikie, inajaribu ukurasa wa kuongozea ruta ambao paswedi yake hukuwahi kuibadilisha. Hiyo haichoki wala haiendi kulala. Ikipata mlango mmoja uliolegea, imeingia kwenye pasipoti za watu watano.

Yamewatokea wakubwa. Mwaka 2013 wezi waliiba taarifa za kadi za benki zipatazo milioni 40 kutoka maduka ya Target ya Marekani. Hawakuanzia Target. Walianza kwa kuiba jina na paswedi za mkandarasi mdogo wa mitambo ya kupoza hewa aliyekuwa akifanya kazi na maduka hayo, wakaingilia kwenye mlango wa wakandarasi, kisha wakasogea hadi kwenye mashine za malipo kwa sababu ndani hapakuwa na kuta za kutosha. Mafundi mnaosoma hapa mlitafakari hilo. Kampuni yako ndogo inaweza isiwe na cha kuibiwa, ikawa ngazi ya kupandia kwa mteja wako mkubwa. Na mteja mkubwa akigundua ngazi ilikuwa wewe, mkataba umekwisha.

Mfano wa pili unatugusa zaidi sisi watuma hela, maana ni wa nchi ambayo nayo inategemea sana jasho la watu wake walio ughaibuni. Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye Benki Kuu ya Bangladesh, wakatuma maagizo ya kuhamisha karibu dola bilioni 1 kutoka akaunti yake iliyoko New York. Mengi yalizuiliwa, lakini dola milioni 81 zilifika Ufilipino na nyingi zikapotelea kwenye kasino. Wapelelezi wa polisi ya Bangladesh walisema baadaye kwamba benki ile ilikuwa inaunganisha kompyuta zake kwa vifaa vya mtumba vya dola 10, haikuwa na ukuta wa kuzuia moto wa mtandao, na kompyuta za kutumia hela zilitakiwa kutengwa na nyingine za ofisi. Hazikutengwa. Benki kuu nzima!

Na viboksi vyenyewe navyo huugua. Mwishoni mwa 2016 shambulio la programu iitwayo Mirai liliangusha ruta za wateja wa TalkTalk na za Post Office hapa Uingereza. Za Post Office peke yake ni wateja kama 100,000. Mwaka 2017 Virgin Media iliwaambia wateja wapatao 800,000 wabadilishe paswedi za ruta ya aina moja, baada ya uchunguzi wa Which? kuonyesha kwamba zilizotoka kiwandani zilikuwa dhaifu. Tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria ya Uingereza inakataza kuuza vifaa vya namna hii vikiwa na paswedi rahisi za kiwandani. Sheria nzuri, lakini haiendi nyumbani kwako kubadilisha kiboksi ulichopewa miaka saba iliyopita.

Nyumba ya pwani inajua jibu

Waliokulia Lamu, Mombasa au Unguja wanaijua nyumba ya kizamani ilivyopangwa. Nje kuna baraza au daka. Mgeni hukaa hapo, anapewa kahawa, anaongea mpaka jua linazama, na haoni kwamba amedharauliwa. Ndani kabisa ndiko kuna watu wa nyumba na sanduku lenye dhahabu ya bibi. Mwenye nyumba akiwa ndani anaweza kutoka wakati wowote apite barazani aende zake. Aliyeko barazani haingii ndani mpaka aitwe.

Ruta ya nyumbani imetengenezwa kwa tabia hiyohiyo ya mlango. Walio nyuma yake wanaruhusiwa kutoka. Anayetoka mbele bila kuitwa, haingii. Sasa ukiwa na ruta mbili, ya pili ikiwa imechomekwa nyuma ya ya kwanza, una nyumba yenye baraza na ndani. Ruta ya kampuni ya intaneti ni baraza. Ruta ya pili ni ndani.

Hapa ndipo watu wanapokosea upande. Wengi wananunua ruta ya pili wakisema, "Hii ya wageni," na ofisi wanaiacha kwenye ile ya kwanza kwa kuwa ndiyo "kubwa". Fikiria tena nyumba. Umemweka mgeni ndani, na sanduku la dhahabu umeliacha barazani. Kila akitoka kwenda intaneti anapita mbele ya sanduku, na mlango wa ruta ya pili haumzuii kwa sababu yeye ndiye anayetoka. Laptopu yako na printa yako viko pale nje anavigusa apendavyo. Umetumia hela, umechomeka nyaya, na hujatenga kitu.

Kwa hiyo shikeni neno moja tu hata mkisahau mengine yote: wageni ruta ya kwanza, hela ruta ya pili.

Namna ya kufanya

Kwanza, kabla hujanunua chochote, ingia kwenye ukurasa wa kuongozea ruta uliyo nayo uone kama ina wifi ya wageni. Nyingi za siku hizi zinayo. Ukiiwasha, inatoa jina la pili la wifi ambalo walioko humo wanapata intaneti lakini hawavioni vifaa vyako. Kama ipo na inafanya kazi sawasawa, wahamishie humo wapangaji, watoto, televisheni na kamera, ubadilishe paswedi ya wifi kuu, basi. Umemaliza bila kutumia hata peni.

Kama haipo, tafuta ruta ya pili. Lazima iwe na tundu la waya lililoandikwa WAN au Internet, tofauti na yale matundu yenye namba. Hili mlizingatie, maana ruta nyingi za zamani za kampuni za simu zina tundu la laini ya simu tu, na hizo hazifai kwa kazi hii. Tena ile uliyobaki nayo ulipohama kampuni huenda si yako. Soma mkataba, wengine wanataka irudishwe na usipoirudisha wanakukata. Mpya ya kawaida, isiyo na madoido, inapatikana kwa pauni 20 hadi 50.

Chukua waya wa mtandao. Upande mmoja uchomeke kwenye tundu lenye namba la ruta ya kwanza. Upande wa pili uchomeke kwenye tundu la WAN la ruta ya pili. Usiuchomeke kwenye tundu lenye namba la ruta ya pili, hapo utakuwa umezijumlisha zote mbili kuwa mtandao mmoja tena, tofauti ni kwamba umeongeza bili ya umeme.

Kisha angalia namba. Kila ruta hugawa namba kwa vifaa vyake, kwa kawaida zinazoanza na 192.168. Zikiwa zote mbili zinatumia mfululizo mmoja, mathalani 192.168.1, zitagongana na intaneti itasusa. Ibadilishe ya pili iwe kwa mfano 192.168.50. Nyingi mpya zinajibadilisha zenyewe, lakini hakikisha.

Ipe ruta ya pili jina jipya la wifi na paswedi mpya ndefu. Jina lisiitwe "Ofisi" wala "Hazina", usiwapigie wezi tarumbeta. Badilisha pia paswedi ya kuingilia ukurasa wa kuongozea, kwenye ruta zote mbili. Washa kujisasisha kwenyewe kama kupo. Zima kitufe cha WPS na zima uongozaji wa kutoka mbali.

Sasa hamisha vya ofisi: laptopu ya hesabu, printa yenye skana, diski ya kuhifadhia nakala, simu unayolipia watu. Vingine vyote viache vilipo. Utamu wa mpango huu ni kwamba ile paswedi inayojulikana na ukoo mzima inabaki kuwa ya wageni. Huna haja ya kumweleza mtu chochote wala kumnyang'anya mtu wifi. Shemeji hatajua hata kwamba amehamia barazani.

Mwisho, jaribu. Chukua simu iliyo kwenye wifi ya wageni, jaribu kutoa karatasi kwenye printa ya ofisi, jaribu kufungua folda ya ofisi. Ikishindwa, umefaulu. Ikiweza, rudi kwenye nyaya uangalie ni tundu gani ulilochomeka. Wifi ya wageni ya kiwandani nayo ijaribuni hivyohivyo, msiamini jina lake tu.

Majibu kwa wanaobisha

Wapo watakaosema, "Watu wangu nawaamini." Vizuri, endelea kuwaamini. Hatuongelei watu, tunaongelea simu zao. Mtu mwaminifu kabisa anaweza kubeba simu mbovu, kama mgeni mwema anavyoweza kuja na mafua.

Wapo watakaosema huu ni uchoyo, tabia za Kizungu za kugawagawa nyumba. Tunakataa. Uchoyo ni kumnyima mtu. Hapa hakuna aliyenyimwa, intaneti anaipata kwa kasi ileile. Kinachotengwa ni hela na pasipoti za watu ambao hawapo hapo kwenye kochi kujitetea.

Wengine watasema, "Mimi sina cha kuibiwa." Hilo ndilo linalotuudhi zaidi sisi wahasibu. Huenda wewe kweli huna. Lakini ule upatu wa watu kumi na mbili si wako. Pasipoti ya binti anayekufanyia usafi si yako. Na ofisi ya ICO, inayosimamia sheria ya taarifa binafsi, hailiangalii kama jambo la hiari: taarifa za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwaumiza, unatakiwa kuripoti ndani ya saa 72 tangu ujue. Biashara nyingi zinazotumia taarifa za watu pia hulipa ada yao ya mwaka, ambayo kwa biashara ndogo kabisa ni pauni 52 tangu Februari 2025. Wengine wamesamehewa, kwa mfano wanaoshughulikia malipo ya wafanyakazi wao na hesabu zao tu. Kwenye tovuti yao kuna maswali mafupi ya kujipima, jibu ujue uko wapi.

Halafu msitegemee sana kurudishiwa. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za hapa zinatakiwa kumrudishia mtu au biashara ndogo iliyotapeliwa ikatuma hela yenyewe, hadi pauni 85,000. Lakini ni kwa malipo ya ndani ya Uingereza. Hela uliyotapeliwa ukaituma moja kwa moja kwenye namba ya simu Nairobi au Mwanza haimo kwenye kinga hiyo. Watuma hela ndio tusiokingwa vizuri, kwa hiyo sisi ndio tunaotakiwa kufunga milango mapema.

Kwa wanaokaa kwa watu

Dada zetu mnaokaa kwa waajiri, na kaka zetu mnaoshea nyumba sita kwa choo kimoja, ruta si yenu na hamuwezi kuichomoachomoa. Lakini na nyie mna lenu.

Mwajiri akikupa wifi ya wageni badala ya ile ya familia, usione umetengwa kama sahani. Kukaa barazani kwake kunakufaa na wewe: kikiharibika kitu kwenye kompyuta za nyumba, hakuna atakayenyoosha kidole kwenye simu yako. Na kompyuta ya mwajiri usiifungulie benki yako hata siku moja, hata akikuambia jisikie nyumbani. Kompyuta ya mtu inaweza kuhifadhi paswedi bila wewe kujua.

Siku ya kutuma hela au ya kugawa upatu, zima wifi, tumia bando la simu yako. Kutuma hela kunakula bando kidogo sana, video moja ya mjukuu wa jirani inakula zaidi. Kwa mweka hazina asiye na ofisi, bando lake ndilo ruta yake ya pili, nalo halihitaji waya.

Na kama unafanyia hesabu za watu kwenye chumba cha kupanga, na mwenye nyumba akakuruhusu kuchomeka waya kwenye ruta yake, ruta yako ndogo nyuma ya yake inakupa ndani yako mwenyewe. Mpango ni uleule: nyumba nzima iko barazani, wewe uko ndani. Omba ruhusa kwanza, hiyo ni mali ya mtu.

Mipaka yake

Hatutaki mtu aje kutuambia tulimdanganya, kwa hiyo tuyaseme. Ukuta huu hauzuii wewe mwenyewe kubonyeza kiungo cha uongo kwenye barua pepe ukiwa ndani. Mwizi uliyemfungulia mwenyewe hahitaji kupita barazani. Ankara ikija na akaunti mpya ya benki, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, sio ile iliyoandikwa kwenye hiyo barua.

Pili, hela zako bado zinapita barazani zikitoka. Ruta ya kwanza ikitekwa, inaweza kukupotezea njia na kukupeleka kwenye tovuti ya uongo. Ndiyo maana tumesema zote mbili zisasishwe, sio ya ndani tu. Wenye uwezo wanaweka tatu: moja ya kupokea intaneti, na mbili nyuma yake, ya wageni na ya ofisi, kila moja na mlango wake. Hapo hakuna anayepita kwa mwenzake.

Tatu, ruta mbili zilizofuatana zinaweza kusumbua baadhi ya kamera zinazotazamwa kutoka mbali na michezo ya watoto, kama zimechomekwa ndani. Dawa yake ni kuziacha barazani, ambako ndiko kwao.

Na nne, huu ni mpango wa ofisi ndogo. Ukifika wafanyakazi kumi mezani, mashine za kadi na wateja wanaoingia na kutoka, achana na viboksi vya kuunganisha. Lipa fundi akuwekee kifaa kimoja cha ofisi kinachogawa mitandao chenyewe, na mwambie akuandikie kila kitu alichofanya pamoja na paswedi zake. Fundi akiondoka na funguo kichwani, ofisi si yako.

Upande wa hesabu

Ruta uliyonunua kwa ajili ya biashara tu ni gharama halali ya biashara, tunza risiti. Bili ya intaneti ya nyumbani unayotumia kwa kazi na kwa familia, unadai sehemu ya kazi tu, kwa makadirio unayoweza kuyaeleza. Wale wanaotumia kiwango cha HMRC cha kufanyia kazi nyumbani, kile cha pauni 10, 18 au 26 kwa mwezi kulingana na masaa, wajue kwamba hakijumlishi simu na intaneti, hizo zinadaiwa pembeni. Lakini ukichagua msamaha wa pauni 1,000 wa kujiajiri, huwezi tena kudai gharama yoyote, ruta ikiwemo. Pia soma mkataba wako wa intaneti, wapo wanaokataza matumizi ya biashara kwenye laini ya nyumbani.

Tunajua tunachowaomba. Jumapili ndiyo siku pekee ya kulala kwa wengi wenu, na sisi tunasema mtoe saa moja mkachezee nyaya. Lakini wapo watu waliowapa pasipoti zao, na wapo wanaowatumia pauni 50 kila mwezi kwa ajili ya zamu yao ya upatu, bila kuwauliza mtandao wenu ukoje. Mwambie mtoto achukue simu yake sasa hivi ajaribu kutoa karatasi kwenye printa yako ya ofisi. Karatasi ikitoka, Jumapili hii una kazi.